Uzi: Kwenda kuona dubu waliookolewa Agra, India, ukitokea Nairobi (chanjo, nafasi, na namna ya kuwatazama)

Patroni_wa_Klabu

Wadau, likizo zikikaribia swali hili hurudi bila kukosa. Huulizwa na anayemsindikiza mgonjwa Delhi, na mzazi mwenye mtoto chuoni huko, na walimu wa klabu za wanyamapori: kile kituo cha dubu karibu na Taj Mahal kinaingilikaje? Tukusanye majibu hapa, mwakani mtu aelekezwe kwenye uzi badala ya kuanza upya.

Kwanza chenyewe ni nini. Kiko ndani ya hifadhi ya ndege ya Sur Sarovar, kando ya ziwa Keetham, kilomita 20 hivi nje ya mji wa Agra, kwenye barabara kuu iendayo Mathura na Delhi. Kinaendeshwa na shirika la Wildlife SOS pamoja na idara ya misitu ya jimbo la Uttar Pradesh. Shirika lilianzishwa 1995 na Kartick Satyanarayan na Geeta Seshamani, na dubu wa kwanza wakaingia Agra 2002.

Dubu wenyewe ni wale waliokuwa wakichezeshwa barabarani. Jamii ya Kalandar ilirithishana kazi hiyo tangu enzi za wafalme wa Mughal. Mtoto wa dubu ananyakuliwa kwa mamaye, anatobolewa pua kwa chuma cha moto bila ganzi, kamba inapitishwa tunduni, chonge zinavunjwa. Kamba ikivutwa anainuka kwa miguu miwili kukimbia maumivu, na watazamaji wanaita ngoma. Sheria ya wanyamapori ya India ya 1972 ilipiga marufuku, lakini dubu waliendelea kuonekana barabarani miaka thelathini baadaye, maana aliyemshika kamba hakuwa na njia nyingine ya kulisha wanawe. Mambo yaligeuka pale mwenye dubu alipoanza kupewa kitu mkononi akimsalimisha: mtaji wa kuanzia biashara, mafunzo ya kazi ya mikono kwa wanawake, karo ya watoto. Dubu wa mwisho wa barabarani alisalimishwa Desemba 2009. Kwa jumla walikuwa zaidi ya 600, wakagawanywa Agra na vituo vingine, kikiwemo cha Bannerghatta karibu na Bengaluru.

Naliweka hilo mbele kwa sababu wageni wengi huuliza habari za dubu tu. Muulize mwenyeji wako habari za Kalandar pia, ndipo utaelewa kwa nini mpango ulifaulu pale sheria peke yake iliposhindwa.

Kwa wale watakaouliza kwa nini tusitazame dubu wa hapa hapa: Afrika haina dubu porini. Wa mwisho waliishi milima ya Atlas huko kaskazini na waliisha karne ya 19. Hata neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu.

Karibuni. Anayejua mambo ya safari aanze.

Wakala_wa_Biashara_Street

Nianzie pale wengi wanapokwama: kadi ya manjano. India haina mchezo na homa ya manjano, na Kenya iko kwenye orodha yao. Ukitua bila cheti halali wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6, kwa gharama na fadhaa yako. Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa wiki moja kabla ya ndege ni kazi bure. Ukishachanjwa cheti ni cha maisha. Sharti la kurudia kila miaka 10 liliondolewa 2016. Hakikisha jina kwenye kadi linalingana na pasipoti herufi kwa herufi, na nambari ya chanjo na mhuri wa kituo vinasomeka. Ukijaza viza angalia pia kama Kenya iko kwenye orodha yao ya chanjo ya polio wakati huo, maana orodha hiyo hubadilika.

Viza ya mtandaoni ijazwe kwenye tovuti ya serikali ya India, ile inayoishia gov.in. Ukitafuta kwenye intaneti, zinazojitokeza juu mara nyingi ni za mawakala wanaotoza mara mbili au tatu. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele yake na kurasa mbili wazi. Picha iwe ya mraba, mandhari meupe. Picha ya simu yenye kivuli ukutani hurudishwa.

Sasa kituo. Hapa si mahali pa kufika langoni na kulipa tu. Unaandikia shirika mapema, unajibiwa, unapewa saa. Barua yako iwe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, idadi ya watu na umri wa watoto, tarehe unayotaka na mbili za akiba, na namba ya WhatsApp inayopatikana ukiwa India. Kumbuka pia kuna ada ya kuingia hifadhini inayotozwa na idara ya misitu, na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, kama sisi tunavyofanya na wageni wetu. Beba pasipoti halisi na rupia za noti, usitegemee kadi.

Ijumaa iepuke. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, na treni ya haraka ya Gatimaan kutoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin haiendi siku hiyo. Siku nyingine treni hiyo hufika stesheni ya Agra Cantt kwa kama dakika 100. Kwa gari, Yamuna Expressway ni kilomita 165, lakini barabara hiyo iko upande wa pili wa mji kutoka kwa dubu, kwa hiyo dereva wa Delhi anayeahidi kukupitisha "njiani" mwambie atumie barabara ya zamani ya Mathura. Wengine hulipishwa mzunguko mzima wa Agra kwa kutojua hilo.

Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Ile nusu ndiyo inayowakosesha watu miadi.

Zuhura254

Asante Wakala. Miezi ipi inafaa? Na nimeona klipu za dubu wa huko wakiyumba yumba kichwa kama wanacheza muziki, walezi wamesimama tu. Si ndiyo mambo yale yale?

Wakala_wa_Biashara_Street

Oktoba hadi Machi. Mei na Juni joto hugonga digrii 45 na dubu hawatoki kivulini. Julai hadi Septemba ni mvua. Lakini ndani ya hiyo Oktoba–Machi kuna mtego: mwisho wa Desemba na Januari ukungu hushuka mpaka treni huchelewa kwa saa nyingi, na huko Expressway hupunguza mwendo unaoruhusiwa. Februari ndiyo nzuri zaidi. La klipu namwachia Daktari.

Dkt_Kwato

Zuhura, umeuliza swali ambalo wageni wengi hulimeza. Kule kuyumba hakuna muziki ndani yake. Ni tabia ya kujirudia, inayomkaa mnyama aliyefungwa kamba fupi miaka mingi: anatupa kichwa kushoto kulia, au anatembea hatua nne mbele nne nyuma, mahali pale pale. Mazingira yakibadilika hupungua, lakini kwa dubu aliyechukuliwa mchanga sana huenda isiishe kabisa, kama kovu. Kwa hiyo kuiona siku moja hakuthibitishi kuwa kituo ni kibaya. Unachotakiwa kuangalia ni inaanza lini na inakatizwa na nini. Ikianza dakika chache kabla ya chakula kisha ikakoma dubu anapoanza kunusa na kuchimba, walezi wanafanya kazi yao. Dubu akiyumba huku chakula kimetawanywa mbele yake na hajali, muulize daktari wa kituo kuna nini.

Sasa meno, maana hapa waongozaji wa mitaani hudanganya sana. Dubu huyu, Melursus ursinus, ni mla mchwa na siafu. Hana meno mawili ya kati ya mbele juu. Hilo pengo ni lake la kuzaliwa: anachomeka mdomo kwenye kichuguu alichokichimbua, anaziba matundu ya pua, anapuliza vumbi, kisha anavuta wadudu kupitia hapo pengoni kama mtu anayevuta soda kwa mrija. Mvumo wake husikika mbali. Ukiona pengo la mbele usilie. Tazama pembeni, kwenye chonge. Zikiwa vigutu au hazipo, hiyo ndiyo kazi ya binadamu. Na juu ya pua utaona kovu au shimo, mahali kamba ilipopita.

Ndiyo sababu hawarudishwi porini. Watu hudhani ni upole wa shirika, kumbe ni hesabu. Hana chonge za kujitetea kwa dubu dume mwingine wala chui milia. Hakufundishwa na mama kutafuta chakula, na dubu hawa hukaa na mama miaka miwili hivi, wakiwa wadogo wakibebwa mgongoni. Kisha amezoea binadamu, kwa hiyo akitolewa ataenda kijijini moja kwa moja, na dubu wa aina hii akishtushwa kwa karibu hujeruhi vibaya, kucha za mbele zinafika sentimita 10.

Chakula kikuu pale ni uji wa nafaka mchanganyiko, matunda, mayai na asali kiasi. Uji, kwa sababu ya meno yale yale. Asali hupakwa ndani ya magogo yaliyotobolewa ili aitafute kwa saa nzima badala ya kuilamba sahanini kwa dakika moja.

Jambo la mwisho kwa leo: kifua kikuu. Dubu wa barabarani waliishi pua kwa pua na watu, na wengi walifika na ugonjwa huo. Maambukizi ya njia ya hewa hupita pande zote mbili. Ukiwa na kikohozi au mafua siku ya ziara, kaa hotelini. Ukipewa barakoa, ivae vizuri, usiitundike kidevuni.

Otis_wa_South_B

Yote mazuri. Lakini naomba mnieleze: mtu anatoka Nairobi, mji wenye ndovu yatima, twiga na simba ndani ya mbuga ya taifa, anapanda ndege kwenda kuona dubu asiye na meno. Si afadhali hizo pesa zibaki Lang'ata?

Patroni_wa_Klabu

Otis, hakuna aliyesema mtu apande ndege kwa ajili ya dubu. Tunasema ambaye tayari yuko Delhi kwa jambo lake asiishie Taj. Hata hivyo swali lako lina faida, kwa sababu aliyejifunza kutazama vituo vya hapa hatadanganywa huko. Nyayo, wewe ndiye wa Lang'ata.

Nyayo_za_Langata

Haya, tupime vya hapa.

Kitalu cha ndovu cha Sheldrick kilianzishwa 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David. Wageni huingia saa moja tu kwa siku, tano hadi sita adhuhuri, kila siku isipokuwa Krismasi. Saa ishirini na tatu zilizobaki ni za ndovu. Maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, mlezi analala banda moja na mtoto. Maziwa ya ng'ombe yaliwaua watoto wengi hapo zamani kwa sababu hawayeyushi mafuta yake, mpaka Daphne alipogundua mafuta ya nazi yanashika nafasi hiyo. Wakikua hupelekwa Tsavo, kwenye vituo vya Voi na Ithumba, au Umani kule msitu wa Kibwezi, na kutoka hapo huchanganyika na ndovu wa porini polepole, kwa miaka. Hapo mlango wa kutokea upo. Kwa dubu wa Agra mlango huo haupo kwa sababu alizotoa Daktari, kwa hiyo ubora wa kituo unapimwa kwa maisha ya ndani: nafasi, kivuli, matibabu, shughuli.

Sokwe wa Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta huko Laikipia, wako karibu zaidi na hali ya dubu. Kituo kilianza 1993 kwa sokwe walioondolewa Bujumbura wakati wa vita vya Burundi. Kenya haina sokwe wa porini, kwa hiyo hawana pa kurudi. Wako makundi mawili, mto Ewaso Nyiro ukiwatenganisha, na majike wanawekewa dawa ya kuzuia mimba. Kila anayezaliwa pale angechukua nafasi ya yatima ambaye bado hajaokolewa. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni kilomita 200 hivi, inawezekana kwa wikendi.

Otis_wa_South_B

Na Giraffe Centre? Pale wanazalisha, na watu wanalisha twiga kwa mkono. Kwa vipimo vyenu basi ni bandia?

Nyayo_za_Langata

Nilikuwa naisubiri hiyo. Vipimo havisomwi kimoja kimoja. Giraffe Centre ni ya shirika la AFEW, lililoanzishwa 1979 na Jock na Betty Leslie-Melville wakati twiga wa Rothschild walikuwa wamebaki wachache sana shamba la Soy kule magharibi. Kuzalisha kulikuwa na pa kupeleka: watoto wakikua hupelekwa mbuga kama Nakuru, Ruma na Mwea. Kuzalisha kwa ajili ya kuachilia ni jambo moja, kuzalisha ili kuwe na vitoto vya kupigwa picha ni jambo jingine. Swali la kuuliza ni moja: anayezaliwa hapa ataishi wapi akiwa na miaka mitano? Kituo cha kweli kinajibu hapo hapo, kwa jina la mahali.

Kulisha nako: twiga anakuja mwenyewe kwenye jukwaa na anaondoka mwenyewe, hakuna kamba. Ule mtindo wa kushika tembe ya chakula kwa midomo ili twiga aichukue kwa ulimi, ambao watu wanaupenda kwenye Instagram, ni uchafu kwenu nyote wawili. Weka kiganjani.

Dubu wa kulishwa kwa mkono hayupo kwenye kituo chochote cha heshima. Ukiona mgeni amembeba mtoto wa dubu, au anampa chupa, geuza gari. Mtoto huyo alitoka kwa mama yupi, na mwaka ujao akiwa na kilo 60 anaenda wapi? Lipo shirikisho la kimataifa la kukagua vituo vya namna hii, GFAS, tangu 2007. Kwa sokwe na nyani wa Afrika lipo PASA tangu 2000. Cheti chao ni ishara nzuri, ila macho yako bado yanahitajika.

Dkt_Kwato

Naunga mkono, na niongeze cha kuangalia ambacho hakihitaji kuuliza mtu. Dubu ana pa kujificha usimwone? Kama ua wote umepangwa ili mgeni aone kila pembe, umejengwa kwa ajili ya mgeni. Agra unaweza kusimama robo saa ukaona matako tu ya dubu ndani ya shimo lake. Watu hulalamika. Kwangu hiyo ni alama nzuri.

Fundi_wa_Uzio

Nimeingia uzi wa dubu kwa sababu ya uzio, msicheke. Mgeni hufundishwa "usiguse waya", basi. Afadhali ajue kwa nini.

Dubu ni fundi wa mambo mawili, kupanda na kuchimba. Kwa hiyo wavu huinamishwa ndani kwa juu, na kwa chini huzikwa au hulazwa mita moja hivi kuelekea ndani ya ua, ili anapochimba akutane nao. Stima inawekwa kumfundisha asiujaribu wavu kabisa. Mashine hutuma pigo fupi sana mara moja kila sekunde au zaidi kidogo, volti 6,000 na kuendelea, nguvu ndogo. Haimuui. Ni kama ule uzio wa Aberdare unaozuia ndovu, kanuni ni ile ile. Manyoya ya dubu ni mazito, kwa hiyo wapimaji hulenga pua: waya mmoja huwekwa kimo cha pua yake.

Huharibika wapi? Sehemu mbili. Nyasi zikigusa waya, stima inavujia ardhini na volti inaanguka mbali na pale ulipo. Ndiyo maana unaona ukanda uliofyekwa pande zote mbili, na mlezi akipita na kipimo kila asubuhi. Ukisikia mlio wa cheche kwenye majani, umesikia uvujaji, mwambie. Ya pili ni ukame. Vyuma vinavyozamishwa ardhini kufunga mzunguko vinahitaji unyevu, na udongo wa Agra mwezi wa Mei ni mkavu kama tofali. Hapo humwagilia vile vyuma maji, au hutumia uzio wenye waya za kupishana, moja yenye stima na moja ya kurudishia.

Na usiegemeze simu kwenye waya upate picha safi. Imetajwa, nimemaliza.

Kamera_Mkononi

Fundi umenitangulia. Dubu mweusi ni mtihani kwa kamera. Kamera inaona weusi mtupu, inadhani kuna giza, inazidisha mwanga, na unarudi na dubu wa kijivu juu ya nyasi nyeupe. Kwenye simu gusa uso wa dubu, bonyeza kwa muda mpaka ifunge, kisha vuta kile kijua chini kidogo. Kwenye kamera fidia mwanga kwa −0.7 au −1. Lenga macho, pua yake ni ya rangi hafifu na itaiba fokasi.

Wavu ukiwa katikati yenu, simama pale wavu ulipo kivulini, usiopigwa na jua, na subiri dubu awe mbali na wavu kwa mita kadhaa. Wavu utafifia wenyewe ukifungua lenzi hadi f/4 au f/2.8. Flashi zima. Vijiti vya selfi viachwe garini.

Na uende saa za mapema. Dubu hawa ni wa asubuhi, jioni na usiku. Saa sita mchana utapiga picha ya pango.

Zuhura254

Je, wakati wa baridi hawalali miezi yote? Nisiende Februari nikakuta wamefunga virago.

Dkt_Kwato

Hapana, hawalali. Kulala miezi ni kwa dubu wa nchi ambako baridi huondoa chakula. Wa India wana mchwa mwaka mzima. Kwenye ubaridi wa Januari utawaona wakiota jua, na uji wao hupelekwa ukiwa moto.

Patroni_wa_Klabu

Kwa walimu, maana najua wapo wanaosoma kimya kimya. Wildlife Clubs of Kenya imekuwepo tangu 1968 na bado ziara nyingi za klabu huishia kuwa foleni ya vitafunio. Kama mnaenda, iwe Agra au Lang'ata, wapeni watoto kazi hii, inatosha ukurasa mmoja.

Kila kikundi cha wanafunzi wanne kichague mnyama mmoja. Mmoja anashika saa, wawili wanatazama, mmoja anaandika. Kwa dakika 20, kila dakika ikitimia, wanaandika neno moja tu la anachofanya wakati huo huo: analala, anakula, anatembea, anachimba, anayumba, haonekani. Mwisho wana alama 20. Wajumlishe darasani. "Haonekani" ni jibu halali, waambieni mapema, la sivyo watabuni. Kikundi kingine kikifanya hivyo hivyo dakika 20 baada ya chakula, mna mjadala wa somo zima bila kununua kitabu.

Kosa la kawaida ni kuwaacha waandike "amefurahi" au "ana huzuni". Hicho ni kile walichohisi wao. Waandike mwili unafanya nini.

Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, na chakula chote kibaki ndani ya basi. Agra wana nyani wa mitaani wanaonyakua hata miwani, na mfuko wa nailoni ndio wanaoujua kuliko wote. Akinyakua, mwachie. Akikukwaruza au kukuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, usingoje kurudi Nairobi.

Kamau_wa_Guangzhou_Line

Na sisi wa safari za mashariki? Kuna vituo vya dubu upande huo?

Nyayo_za_Langata

Vipo, na kisa chao ni kingine. Vietnam na China dubu mweusi wa Asia, yule mwenye alama nyeupe ya V kifuani, alifugwa ndani ya vizimba ili atolewe nyongo ya dawa. Vietnam mwaka 2005 walikuwa zaidi ya 4,000 mashambani. Shirika la Animals Asia, lililoanzishwa 1998 na Jill Robinson, lina kituo Tam Dao, kaskazini ya Hanoi. Hapo mgeni huenda kwa siku maalumu tu, kwa hiyo tazama kalenda yao kabla ya kununua tiketi. Jambo la kuwaeleza watoto ni kwamba kemikali inayotafutwa kwenye nyongo, asidi ya ursodioksikoliki, hutengenezwa maabara miaka mingi sasa na inauzwa famasi kwa vidonge.

Mwanafunzi aliyeko Malaysia aende Sepilok, karibu na Sandakan huko Sabah. Kituo cha dubu-jua kilianzishwa 2008 na Wong Siew Te, kikafunguliwa kwa umma 2014, na kiko ubavuni mwa kile cha orangutani, unaviona vyote siku moja. Huyo ndiye dubu mdogo kuliko wote, ulimi wa sentimita 20 na zaidi. Hapo unatazama kutoka kwenye majukwaa juu, na baadhi ya dubu huandaliwa kurudi msituni, tofauti na Agra.

Otis_wa_South_B

Sawa, nimeshindwa kwa pointi. Shemeji yangu anampeleka mama Delhi mwezi wa pili, wana siku mbili za kupumzika kati ya miadi ya hospitali. Mpangilio uweje ili wasikimbizane?

Wakala_wa_Biashara_Street

Tutumie Jumatano na Alhamisi. Jumatano Gatimaan ya asubuhi, Agra Cantt kabla ya saa nne. Teksi ya siku nzima, mkubaliane bei kabla mizigo haijaingia butini, na mwambie "Sur Sarovar, Keetham", usiseme "bear park", atakupeleka kwa binamu yake. Ziara ya dubu iombwe saa tano au saa tisa alasiri, kulingana na watakavyojibiwa. Wakiwa na nguvu, shirika hilo hilo lina kituo cha ndovu upande wa Mathura tangu 2010, na hospitali ya ndovu iliyofunguliwa 2018, barabara ile ile. Lakini nafasi yake huombwa peke yake. Walale Agra.

Alhamisi Taj alfajiri, lango linapofunguliwa kabla jua halijachomoza, kabla ya umati. Warudi Delhi kwa treni ya jioni. Wasisogeze mpango siku moja mbele, watakutana na Ijumaa.

Mama anatembea vizuri? Njia ya ndani ni ya udongo na hakuna ngazi nyingi, ila kuna kusimama kwingi.

Otis_wa_South_B

Anatumia fimbo. Na ana kikohozi cha zamani, cha pumu.

Dkt_Kwato

Pumu haiambukizi, lakini mlangoni hawatajua tofauti. Waitaje pumu kwenye ile barua ya kuomba nafasi, na wabebe barua ya daktari wake. Waombe pia kiti cha kukalia kwenye sehemu ya kutazamia. Februari kuna vumbi na moshi hewani Agra, kwa hiyo pampu yake ya pumu iwe mkobani, si kwenye sanduku.